Zamu za Nyumba Zote

Jelagat wangu,

Nimekaa kwenye kigoda cha kukamulia nikikuandikia hii, maana viti vyote baba yako ameshavitoa nje kwa ajili ya watu wanaokuja jioni kukuaga. Wewe uko mtoni unafua. Nimekuona ukishuka na beseni bila kuniangalia, na sikulaumu, kwa sababu asubuhi tumepigiana kelele mpaka mbwa akatoka nje. Ulisema kesho hupandi basi. Mimi nikasema utapanda hata kama ni kufungwa kamba kama mbuzi. Hayo si maneno ya mama kumwambia mtoto anayeondoka, na wala si hayo niliyotaka kusema. Mdomo wangu unajulikana shamba zima. Kalamu inakwenda polepole kidogo, wacha nijaribu nayo.

Hapa hutasoma habari ya kufunga sanduku, wala ya kuficha nauli, wala ya kulala na nywele mbichi. Shangazi yako atayasema hayo yote jioni, na kesho atayarudia stendi watu wakisikia. Mimi nataka tuongee juu ya ile sababu uliyonipa. Ulisema, "Mama, siwezi kwenda, nimebeba zamu za watu. Jumamosi wale wa Kapseret wanakuja kucheza. Nani atarusha mpira?"

Nikajibu kwa kupayuka. Ukweli ni kwamba ulikuwa na haki ya kuuliza. Umebeba zamu za nyumba zote za shamba hili, na tuliokubebesha ni sisi. Lakini ulikuwa mdogo mambo haya yakianza, na mengine umeyakuta tu. Ngoja nikueleze yalivyokuwa, halafu nitakupa jibu lako.

Unajua baba yako alikuwa dereva wa trekta wa mzungu mwenye shamba hili. Tulilala kwenye vile vibanda vya wafanyakazi vya kule chini, ambavyo leo mnafugia kuku. Uhuru ulipokuja, mzungu akaanza kuuza ng'ombe, akauza mashine, mwisho akauza na shamba lenyewe. Kampuni yetu ikanunua, kila mtu na sheya yake, yaani hisa aliyoilipia. Watu walitoka kila upande, wengine hatukuelewana hata lugha. Wewe mwenyewe ni mtoto wa hayo, mama Mluhya, baba Mnandi, ndio maana nyumba hii ni ya Kiswahili mpaka ng'ombe wanaelewa.

Siku ya kugawa ardhi tulisimama uwanjani tangu asubuhi. Mwenyekiti akavua kofia, wakatia vikaratasi vyenye namba za vipande, kila mwenye sheya akaingiza mkono akatoa chake. Baba yako akatoa hiki cha karibu na tope. Nililia, Jelagat. Yeye alicheka tu, akasema, "Basi ng'ombe hawatakosa maji." Nilimkasirikia juma zima kwa kicheko kile. Lakini hakuna aliyesema ameibiwa, kwa sababu kila mtu aliona kofia na aliona mkono. Mashamba mengine tulisikia viongozi walijikatia penye rutuba wakawaachia wenzao mawe. Sisi tulijivuna kwamba kwetu hakuna mkubwa.

Kuanzia hapo tukaingiwa na kichaa cha zamu. Josho la ng'ombe lilikuwa na zamu. Trekta, zamu. Fahali, zamu. Hata lile bafu jeupe la mzungu tuliliwekea zamu, kila nyumba na siku yake, ingawa hakuna mtu aliyetaka kuoga ndani ya kitu kinachofanana na hori. Ukimwambia mtu wa nje anacheka. Sisi hatukucheka. Tulikuwa tumetoka kwenye maisha ya kuamrishwa, na zamu ilikuwa njia ya kujua kwamba mimi na wewe ni sawa.

Ndipo raunda ikaingia, ule mchezo wa kurusha mpira, kuupiga na kukimbia kuzunguka nguzo. Akina mama wa shamba moja upande wa Kiplombe walitutumia salamu kwamba wana timu, wanacheza Jumamosi baada ya kazi, na je, ninyi huko kwenu hamna miguu? Weee! Ungetusikia! Siku hiyo hiyo tukawa na timu. Mzee Abdi, yule Msomali wa duka la mjini, alituletea mipira ya tenisi kwenye lori lake la mahindi, akakataa kuelewa ni ya nini. "Akina mama wazima," akasema, "mnakimbia kuzunguka vijiti?" Tukamwambia ndiyo, Mzee, tunakimbia. Baba yako alikata mpini wa jembe ukawa rungu la kupigia. Nguzo nne tukang'oa kwenye ua wa zamani wa ndama.

Mimi nilikuwa nimecheza raunda shule ya misheni. Nilikuwa mrushaji. Wewe unajua sasa, mrushaji ndiye mchezo. Akirusha vizuri, yule mwenye rungu anapiga hewa. Akirusha juu ya kichwa au kwenye vifundo vya miguu, wapinzani wanapewa alama za bure, wanasimama tu kama wanaosubiri chai. Nilijua hayo yote. Na siku tulipokutana kwenye veranda ya nyumba ya mzungu kuchagua nani atarusha, wote wakaniangalia mimi. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza.

Lakini nikasimama. Nikasema, na mdomo wangu huu, "Hapa hakuna mkubwa. Kila nyumba yenye sheya ipate zamu yake ya kurusha." Wakanipigia makofi. Wengine wakapiga vigelegele. Nilikaa chini nikijiona mtu wa haki sana.

Mungu wangu, jinsi tulivyopigwa! Mama Selina, ambaye hata wakati huo alikuwa nyanya wa watu, alirusha mpira ukarudi nyuma ukamgonga mwenyekiti wa kampuni aliyekuja kutushangilia. Mama Rhoda alirusha akiwa na mtoto mgongoni, na kila akiinama mtoto anapiga kelele, yeye anaacha kurusha anambembeleza. Kulikuwa na mmoja alikataa kurusha kwa yule mpinzani kwa sababu ni binamu yake. Na sheria yetu ilikuwa sheria: zamu ikifika ni ya nyumba fulani, ni ya nyumba hiyo, hata kama mama wa nyumba hiyo ana mkono wa uji. Zamu yangu ikifika tulikuwa tunapumua kidogo. Ikipita tunarudi kule kule. Msimu mzima hatukushinda hata mara moja. Watu wa Kiplombe wakaanza kuleta watoto wao watutazame wakicheka.

Na sasa nikuambie kitu ambacho sijawahi kukuambia. Nilikuwa na furaha. Tulirudi kwenye lori la Mzee Abdi tukiimba, tumepigwa na tunaimba, vumbi mpaka kwenye meno. Nilikuwa sijacheza kitu chochote tangu niolewe. Mwanamke mzima, nimesimama katikati ya uwanja na mpira mkononi, watu wote wanasubiri mkono wangu. Sijui nikuambieje. Zamu yangu nilikuwa naihesabia siku.

Ndiyo sababu jambo lako halikuwa rahisi kwangu. Ulikuwa ukifukuza ndege kwenye shamba la wimbi, nami napita na kuni. Nikaona unaokota donge la udongo, unalirusha, ndege anaanguka. Sio kuruka, kuanguka. Ukaokota lingine. Nikasimama na kuni kichwani mpaka shingo ikauma. Jioni nikakuita nyuma ya nyumba, nikaweka debe juu ya gogo, nikakuonyesha kurusha kutoka chini, mkono ukipita karibu na paja. Mara ya kwanza ulikosa. Baada ya hapo hukukosa. Uligeuka ukaniuliza, "Ni hivi tu?" Nilitaka kukupiga kofi na kukukumbatia kwa pamoja.

Nilikaa na siri hiyo karibu msimu mwingine mzima. Nilijiambia wewe ni mtoto, una shule. Uongo. Nilijua ukianza kurusha, mimi nimekwisha. Baba yako ndiye alinisukuma. Hakusema mengi, unamjua. Aliniangalia nikikupitishia mipira gizagiza la jioni, akasema, "Unamfundisha ili afanye nini nayo?" Akaenda kufunga ndama.

Basi nikalipeleka jambo hilo mkutanoni. Unakumbuka kelele za siku ile, ulikuwa nyuma ya dirisha. Wakasema mtoto hana sheya. Wakasema leo mtoto atarusha, kesho mtoto atataka kipande cha shamba. Mama Rhoda akaniuliza kama nimesahau maneno yangu mwenyewe. Nikamjibu, "Sijasahau. Sheya ni ya nyumba, lakini mkono ni wa mtu." Tukakubaliana: nyumba inaweza kutuma mtu yeyote wa nyumba hiyo kwenye zamu yake, hata msichana. Nikakutuma wewe. Siku hiyo nilikaa kwenye nyasi nikashika rungu tu kusubiri kupiga, na ulipowarushia wale wa Kiplombe na mmoja baada ya mwingine akapiga hewa, nililia machozi ya aina mbili na sikuweza kuyatenganisha. Zamu yetu ikaisha, akaja wa nyumba ya pili, tukapigwa kama kawaida.

Mama Rhoda ndiye aliyeivunja sheria yetu. Zamu yake ikafika, akakushika mkono katikati ya uwanja, akafungua kitambaa chake cha kichwa, akakufunga wewe. Akapaza sauti wapinzani wasikie, "Hii ni zamu ya nyumba ya Rhoda! Huyu anarushia nyumba ya Rhoda!" Tuliona ni haki. Zamu ni yake, kaitoa mwenyewe, na kila mtu ameona. Mchezo uliofuata, wengine nao wakafanya hivyo, na uliofuata wote. Ukawa unabadilishwa vitambaa kila zamu, saa hii chekundu, saa hii cha maua, na timu nyingine hawaelewi kama ni kanisa au ni mchezo. Na tukaanza kushinda. Jelagat, tulishinda! Mwenyekiti akachinja kondoo. Mzee Abdi akaanza kufunga duka mapema ili aje kutazama, na huyo huyo sasa ndiye anayewafundisha watu sheria.

Mimi sijarusha tangu siku hiyo. Nimekuwa mtu wa kukimbia nguzo na kupiga kelele. Na nimekuwa na furaha nyingine, ya kukuona. Usinihurumie kwa hilo.

Halafu akaja yule mama mwalimu mkuu, aliyekuwa amemtembelea dada yake anayekaa huku. Alisimama karibu na nguzo ya tatu akila mahindi ya kuchoma, akaacha kula. Akaniuliza, "Yule msichana ni wa nyumba gani?" Nikamwambia leo amerushia nyumba kama sita hivi, lakini ya kuzaliwa ni yangu. Alicheka sana. Akasema shule yake, kule ng'ambo ya Nakuru, ina timu na haina mrushaji, na kwamba msichana mwenye jicho kama lile na utulivu kama ule atasoma pia, akisukumwa. Alama zako za darasa la saba zilikuwa za katikati, tusidanganyane. Mkono wako ndio uliokufungulia mlango wa sekondari. Akasema muhula ukianza na hujafika, kitanda kitapewa mwingine, kwa sababu wanaokingoja ni wengi.

Ndiyo hali tuliyo nayo. Kesho ni kesho. Na wewe unataka kubaki kwa ajili ya Jumamosi.

Nilipokuwa karibu na umri wako, kule misheni, Mwalimu alitaka niende mbele kusomea uuguzi. Alikuja mpaka nyumbani kwetu. Mama yangu hakukataa. Watu wakisikia nilikatizwa shule hudhani ni wazazi, nami huwaacha wadhani hivyo. Ni mimi. Nilisema, "Palizi imefika, nani atalima?" Niliona nyumba ile itaanguka nikitoka. Walinisifu, wakasema ona msichana mwenye moyo. Nikabaki. Msimu uliofuata kaka yangu akaoa, na yule wifi yangu alikuwa analima mistari miwili mimi nikiwa kwenye mmoja. Mahindi hayakujua kama mimi nipo au sipo. Kitanda kile cha shule ya uuguzi alikilalia msichana mwingine, na mpaka leo ukienda hospitali ya kwetu utamkuta, amenenepa, anawaamrisha watu.

Sisemi nilipata maisha mabaya. Nikimwangalia baba yako akicheka na tope lake, na ng'ombe wetu, na nyumba hii ambayo hakuna mzungu wala mwenyekiti anayeweza kututoa, najiona nimebarikiwa. Lakini nilikaa kwa sababu ambayo haikuwa ya kweli, na hiyo ndiyo inayoniuma, sio kukaa kwenyewe. Ungeniambia hutaki kusoma, au unaogopa, au utanikosa, ningekaa nawe chini tukaliangalia hilo. Kuogopa kunaruhusiwa, mimi mwenyewe naogopa, nimevunja vikombe viwili leo. Lakini umeniambia zamu za watu.

Basi baada ya kelele zetu, nilisema nakwenda kusaga unga. Sikwenda kusaga. Nilikwenda kwenye ile veranda ya nyumba ya mzungu, ambayo sasa ni ofisi ya kampuni, kina mama walikuwa wanapukuchua mahindi ya mbegu, karibu wote wapo. Nikasimama. Nikawaambia ulichoniambia, neno kwa neno.

Nilidhani wataniambia, mwache mtoto acheze Jumamosi halafu tutaona. Mama Rhoda akaweka gunzi chini. Akasema, "Mimi nitakosa kushinda. Nisidanganye mtu, nimezoea kushinda." Akajifuta mikono kwenye kanga. "Lakini hiyo zamu ni ya nyumba yangu. Mwambie nimeichukua."

Mama Selina akadakia, "Na yangu! Mnafikiri nilipenda kukaa kwenye nyasi kama gunia? Nataka kurusha kabla sijafa." Tukaangua kicheko, na mwenyekiti, aliyekuwa ofisini, akafunga dirisha. Halafu wakaendelea kuzunguka veranda, mmoja mmoja, kila mama akitaja nyumba yake na kusema ameichukua zamu yake. Nilisimama hapo mpaka wa mwisho. Kumbe wengi walikuwa wameikosa zamu yao kama mimi nilivyoikosa yangu, ila hakuna aliyetaka kusema, kwa sababu tulikuwa tunashinda. Wakaniuliza, na ya nyumba yenu? Nikasema na sisi tumechukua.

Kwa hivyo hilo ndilo jibu la swali lako la asubuhi. Jumamosi tutarusha sisi, nyumba kwa nyumba, kama zamani, na wa Kapseret watatupiga mpaka waone huruma. Nitarusha wa kwanza. Nimefanya mazoezi kidogo kwa debe kabla ya kukaa kuandika, na bega linauma vizuri.

Nakusikia unapanda kutoka mtoni, beseni linagonga kwenye goti lako. Nitakupa karatasi hii mkononi na kwenda kuangalia chai, ili usinione uso. Isome yote. Nyumba hii ni yako wakati wowote utakaorudi. Zamu ndiyo huna tena, hata moja. Panda basi, mwanangu.

Mama yako